Nyama za paja zimechanika: barafu, maji ya moto, kuchuliwa au mazoezi? Wajuzi naombeni mwongozo

#1 Mzee wa Kona
Habari za jioni wakuu.

Jumapili tulikuwa na mechi ya maveterani huku Mbagala, wenye vitambi dhidi ya wenye vitambi zaidi. Kama dakika ya 70 hivi nikaufukuzia mpira uliopigwa nyuma ya beki wao. Hatua ya nne nikasikia "tap!" nyuma ya paja la kulia. Naapa niligeuka kumtafuta aliyenirushia jiwe. Nyuma hakuna mtu, vumbi tu, halafu mguu ukagoma.

Leo siku ya tatu. Natembea kwa kuchechemea, na kwenye kiti cha daladala nakalia kalio moja. Jana usiku mke wangu kaniambia nyuma ya goti pamekuwa rangi ya zambarau, wakati mimi niliumia juu, karibu na kalio. Hilo ndilo limenitisha.

Ushauri nilioupata mpaka sasa: kocha kasema barafu. Mama mkwe kasema barafu itagandisha damu, nikandwe kwa maji ya moto na chumvi. Kuna mzee mkandaji hapa mtaani, anasifika sana, kasema niende siku 5 mfululizo anichue "auvunje uvimbe". Na kijana wa fiziotherapia hospitali kasema nisichuliwe kabisa, ila nianze mazoezi kesho. Mazoezi! Mtu aliyechanika!

Nimsikilize nani? Nina miaka 38, fundi umeme, kazi yangu ni kupanda ngazi.

#2 Kiduku Mstaafu
Miaka 38 unafukuzia mpira wa nyuma ya beki? Hilo siyo jeraha mkuu, ni adhabu. Nakaa hapa nasubiri wajuzi.

#3 Mama Zakia
Pole sana baba. Usimdharau mkandaji. Bibi yangu kule Pangani alikanda watu mpaka anafariki: wavuvi, makuli, wanawake waliotoka kujifungua. Mafuta ya nazi anayapasha juu ya mkaa, anatia karafuu kidogo. Na hakuanza hata siku moja pale panapouma. Alianzia unyayoni, anapanda taratibu, na akifika penyewe anapapitia kwa kiganja kama anayemfuta mtoto machozi. Watu walikuja wamebebwa, wakarudi kwa miguu yao.

Maji ya moto na chumvi ni sawa kabisa. Barafu weka kwenye juisi.

#4 Chuma Hakidanganyi
Mama Zakia shikamoo, lakini hapo unampoteza mwenzetu. Jeraha bichi huliwekei moto. Kanuni ipo ya miaka mingi, ilitoka jeshi la Marekani: pumzisha, weka barafu, funga bandeji, inua mguu. Dakika 20 kila baada ya saa 2. Mimi niko jimu mwaka wa nane, nimeona kila aina ya msuli ukikatika.

#5 FizioMoshi
Pole mleta mada. Hii ndiyo kazi yangu, nilisomea pale hospitali ya KCMC, Moshi, kwa hiyo niandike kwa kirefu kidogo.

Chuma, post yako namba 4 ina kosa dogo. Kanuni hiyo aliyeipa umaarufu ni daktari Mmarekani, Gabe Mirkin, kwenye kitabu chake cha mwaka 1978. Mwaka 2014 Mirkin huyohuyo akageuka, akaandika kwamba barafu na kupumzika kabisa huenda vinachelewesha kupona. Sababu ni kwamba uvimbe wa siku za mwanzo umekuja na kazi yake: ndani yake mna chembe zinazokula nyuzi za msuli zilizokufa na kuita zile zinazojenga mpya. Ukiuzima kabisa umefukuza mafundi. Barafu inapunguza maumivu, hilo halina ubishi. Ukitaka usingizi, weka dakika 10 hadi 15 juu ya kitambaa. Usitegemee iunge msuli.

Zambarau nyuma ya goti: ni damu iliyovuja juu ikateremka. Maji hayapandi mlima, na damu ni hivyohivyo. Rangi kuonekana chini haina maana kwamba umeumia na chini.

Kuchuliwa siku hizi za mwanzo: mishipa midogo ya damu iliyokatika ndiyo kwanza imejiziba. Ukiikamua inafunguka upya.

Sasa hayo mazoezi yaliyokushtua. Msuli unapojiunga unatengeneza kovu, na nyuzi za kovu zinajipanga ovyo kama kuni zilizomwagwa. Kinachozipanga zifuate njia ya msuli ni kuuvuta kidogokidogo. Kuna utafiti wa Denmark uliotoka mwaka 2017, wanamichezo 50 wa ridhaa waliochanika paja au kigimbi. Nusu walianza mazoezi siku 2 baada ya kuumia, nusu wakasubiri siku 9. Wa kwanza walirudi michezoni kwa takribani siku 62, wa pili 83. Wiki moja ya kusubiri iliwagharimu wiki tatu.

Mazoezi yenyewe ni madogo: lala chali, kunja goti, kandamiza kisigino kwenye godoro, hesabu 10, achia. Maumivu yasipite 3 kwa 10. Hakuna anayekutuma ukimbie.

Ila kama kuna bonde unaloligusa kwa kidole kwenye msuli, au maumivu yako juu kabisa kwenye mfupa unaoukalia na huwezi kukanyaga, rudi upigwe altrasaundi au emarai. Hapo huenda mzizi wa msuli umeng'oka kwenye mfupa, na ikibidi upasuaji, mapema ni rahisi kuliko baadaye.

#6 Mzee wa Kona
Asante FizioMoshi. Bonde sijaliona, ila kalio lenyewe lina minofu, nitamwambia mke wangu atafute.

#7 Kiduku Mstaafu
Uzi umeanza kuingia chumbani huu.

#8 Mwana wa Hurumzi
Assalaam alaykum. Mbona hamjataja kuumika? Sisi Unguja damu ikivilia mtu anakwenda kupigwa chuku, zamani pembe, sasa vikombe vya plastiki na pampu. Mwogeleaji Michael Phelps alionekana Olimpiki ya Rio 2016 na maduara mabegani, dunia nzima ikashangaa, wazee wetu wakacheka. Mimi niliumwa na bega la kubeba magunia ya karafuu, vikao 3 nikainua mkono.

#9 Mtoto wa Gerezani
Na Bolt alipochanika paja hukohuko Rio, mbona hawakumuumika?

#10 Takwimu Baridi
Namba 9, Bolt Rio alichukua dhahabu 3, hakuchanika kitu. Ni London, mashindano ya dunia ya riadha, Agosti 2017, fainali ya kupokezana vijiti 4×100, alikuwa mkimbiaji wa mwisho, akadaka kijiti, akaenda hatua kadhaa akashika paja na kuanguka. Ndiyo mbio zake za mwisho kwenye mashindano hayo ya dunia. Na Phelps alijiumika kwa uchovu wa misuli. Hakuwa na msuli uliochanika.

#11 Mtoto wa Gerezani
Sawa mwalimu. Nilikuwa nawapima.

#12 Winga Teleza
Mimi naongezea yaliyonikuta kuhusu kuchuliwa. 2015 nilipigwa goti na beki hapa mbele ya paja. Hakuna kilichochanika kwa nje, paja likavimba tu kama mkate. Nikapelekwa kwa mtu anayechua. Siku 8, kila siku, kwa kisugudi cha mkono, mimi nimeng'ata taulo. Aliniambia nikilia ndiyo dawa inaingia.

Baada ya wiki kama 5 nikagusa kitu kigumu ndani ya nyama, kama kipande cha ubao. Goti halikunji kufika nyuzi 90. Eksirei ikaonyesha mfupa umeota ndani ya msuli. Nikadhani wamechanganya picha na ya mtu mwingine. Nilikaa nje miezi 7, sehemu kubwa ya ule ubao ikanywea yenyewe, nyingine iko mpaka leo. Mkija Morogoro nitawagusisha.

#13 FizioMoshi
Namba 12 umenitolea mfano ambao darasani tulifundishwa kwa picha. Msuli wa mbele ya paja ukipondeka halafu ukachuliwa kwa nguvu mapema, au ukanyooshwa kwa kulazimishwa, mwili unaweza kujenga mfupa mahali pasipo na mfupa. Siyo kila anayechuliwa anapata hivyo, lakini huwezi kujua ni wewe au jirani.

#14 Mama Zakia
Kisugudi? Huyo alikuwa mkandaji au mtwanga kisamvu? Nimesema toka namba 3, kiganja, na asianzie panapouma. Mtu mmoja akikosea mnafunga soko zima. Kwani hospitali hawakosei?

#15 Mbio za Asubuhi
Niaje wadau, mimi niko Iten, Kenya. Naona mnachanganya vitu viwili. Hapa kwetu karibu kila kundi la wakimbiaji lina mtu wa kukanda misuli, na watu wanalala pale mezani kila wiki. Lakini hiyo ni misuli iliyochoka, iliyokauka kwa kilomita nyingi. Mtu akichanika, huyohuyo wa kukanda anamwambia ashuke mezani. Mama Zakia, nadhani bibi yako alijua hiyo tofauti hata kama hakuiandika. Wavuvi na makuli walikuwa wamechoka, hawakuwa wamechanika.

#16 Mama Zakia
Angalau wewe mwanangu wa Kenya una adabu. Lakini waliochanika pia walikuja.

#17 Netiboli Damu
Mie nataka kuuliza kuhusu mashine. Nilichanika kigimbi uwanjani, nikaenda kliniki moja hapa mjini, siitaji. Nikalipia vikao 10, kila kimoja 20,000. Kila nikienda: nalala kifudifudi, dada ananipaka jeli ya baridi, anazungusha kile kichwa cha chuma kwenye kigimbi dakika 5 huku anachati kwa mkono mwingine. Halafu vile vibandiko vya umeme vinatekenya dakika 15. Halafu "karibu tena kesho". Hakuna siku nilisimama nikaambiwa inua kisigino. Laki 2 imekwenda, na nikirudi uwanjani dakika ya kwanza, kigimbi kikakata tena. Hizo mashine zinafanya kazi au nilikuwa nalipia jeli?

#18 Chuma Hakidanganyi
Ulilipia data za yule dada.

#19 FizioMoshi
Dada pole. Nitasema na wenzangu watanichukia: mashine ile ya mawimbi ya sauti, kwa msuli uliochanika, ushahidi wake ni mwembamba. Ya umeme inatuliza maumivu kwa muda, basi. Msuli hauwezi kujua kubeba mwili wako kama hujaubebesha chochote. Kigimbi kinataka kuinuka kwa visigino, miguu miwili, kisha mmoja, kisha mmoja ukiwa na ndoo ya maji, kisha kuruka. Mpira wa tairi la baiskeli uliokatwa unatosha kuwa kifaa. Gharama yake siijui, mafundi baiskeli huwa wananigawia bure.

#20 Mkongwe wa Wodi
Kijana, na mimi ni wa fani hiyohiyo, miaka 26 kazini, na naomba nikupinge. Vitabuni uko sahihi. Lakini mgonjwa wa kwetu aliyepanda daladala mbili kuja, ukimwambia "inua kisigino mara 15, nenda nyumbani", hatarudi. Atasema hajatibiwa. Ukimwekea mashine dakika 10 anaona ametibiwa, anatulia, ndipo unamfundisha kisigino. Makosa ya huyo wa namba 17 ni kuishia kwenye mashine. Na tiba mikono usiitupe nje, mgonjwa aliyeguswa vizuri anathubutu kusogea.

#21 FizioMoshi
Shikamoo mkuu. Lakini basi tunamfundisha mgonjwa aamini jeli, na akikosa hela ya jeli anaacha na mazoezi.

#22 Mkongwe wa Wodi
Marahaba. Ukifika miaka 26 tutaongea.

#23 Nesi wa Zamu
Mmenikumbusha kitu, kabla mada haijahama. Kigimbi kikivimba na kuuma na HUKUSIKIA kishindo chochote, hukukimbia, hasa kama umesafiri safari ndefu, umelazwa au umetoka kujifungua: usichuliwe, usiumikwe, usisubiri. Huenda ni damu iliyoganda kwenye mshipa, na donge likisukumwa likafika mapafuni ni kifo. Nenda hospitali.

Na mleta mada, unameza nini?

#24 Mzee wa Kona
Diklofenaki dada, asubuhi na jioni, nilinunua duka la dawa. Inasaidia sana, mpaka nimeanza kupanda ngazi fupi.

#25 Nesi wa Zamu
Ndiyo hofu yangu. Muulize daktari muda wa kuzimeza, tumbo na figo vina hesabu zake. Na ukiwa umemeza, hizo 3 kwa 10 za FizioMoshi unazipimaje?

#26 Mzee wa Kona
Marejesho, siku ya 9. Natembea vizuri. Ile ya kukandamiza kisigino nafanya mara 3 kwa siku, na daraja (kulala chali unainua makalio) nimeanza juzi. Kijana wa hospitali kaongeza na ya kuinama mguu mmoja.

Barafu nilijaribu mara moja tu. Nyumbani hatuna friji, nikanunua barafu 4 za ukwaju kwa jirani, nikazifunga kwenye kanga, nikalala nazo. Mtoto akagonga mlango: "Mama kasema kama umemaliza kuziweka mguuni uzirudishe, kuna wateja."

#27 Kiduku Mstaafu
😂😂 Kuanzia leo sinunui barafu ya ukwaju Mbagala.

#28 Mtoto wa Gerezani
Ndiyo maana ile ya juzi ilikuwa na ladha ya veterani.

#29 Chuma Hakidanganyi
Mkuu ukitaka isirudi, piga ile ya Kinordiki. Piga magoti kwenye godoro, mtu akushike vifundo vya miguu, mwili umenyooka kama mti, jiachie mbele taratibu huku paja la nyuma linazuia. Timu kibao Ulaya wanafanya. Mimi mara ya kwanza alinishika mdogo wangu, nikaenda kama mnazi uliokatwa, kidevu kikasalimiana na sakafu. Kesho yake nilishindwa kukaa chooni.

#30 FizioMoshi
Hapo nakubaliana na wewe, ila siyo siku ya 9! Kuna jaribio la Denmark, matokeo yalitoka 2011, wachezaji zaidi ya 900. Waliofanya hiyo walichanika mara 15 tu, wenzao wasioifanya mara 52. Lakini hiyo ni kinga zaidi, na kwa aliyeumia inakuja mwishoni. Kwa sasa yanayomfaa ni ya kuurefusha msuli ukiwa unafanya kazi, taratibu. Msweden Carl Askling aliyajaribu kwa wachezaji 75 wa nchi yake, yakatoka 2013: waliofanya ya kurefusha walirudi wastani wa siku 28, wa mazoezi ya kawaida 51. Mleta mada, hiyo ya kuinama mguu mmoja ni ya ukoo huo. Kijana wako anajua kazi, mng'ang'anie.

#31 Takwimu Baridi
Ila tuweke sawa: wa Askling siku 28, wa namba 5 siku 62, na wote walifanya mazoezi. Kwa hiyo siku hazilinganishwi utafiti kwa utafiti, wachezaji na majeraha siyo yaleyale.

#32 Mzee wa Kona
Wakuu, siku ya 19. Nimerudi na aibu.

Mpaka siku ya 16 nilikuwa sina maumivu hata chembe. Nikaacha mazoezi, kazi zilinibana, tulikuwa na nyumba ya ghorofa ya kuvuta nyaya. Leo asubuhi kituoni daladala imeshajaza, konda anapiga mlango, mimi nikakimbia hatua kama 6, mkono tayari kwenye mlango, "tap" ileile. Siyo kubwa kama ya kwanza. Konda akanivuta ndani akidhani nasinzia. Nimesimama kwa mguu mmoja hadi Kariakoo.

Na niseme ukweli mbele yenu: siku ya 12 na 13 nilikwenda kwa yule mzee mkandaji. Mama mkwe alishamlipa.

#33 Mama Zakia
Alikukandaje? Kiganja au kisugudi?

#34 Mzee wa Kona
Kiganja mama. Na kusema kweli nilitoka mwepesi kama karatasi.

#35 Mama Zakia
Basi siyo yeye. Wewe umetoka kwenye joto ukaenda kupanda ghorofa lenye upepo, msuli uko wazi. Ubaridi umeingia.

#36 FizioMoshi
Siyo ubaridi. Uliacha siku ya 16 kwa sababu maumivu yameisha. Maumivu yanaisha kabla kovu halijakomaa, linaendelea kujipanga kwa miezi. Na hakuna siku uliyokimbia hata polepole, ukatoka kwenye kutembea ukaenda moja kwa moja kwenye kufukuza daladala. Aliyewahi kuchanika ndiye anayeongoza kwa kuchanika tena.

#37 Chuma Hakidanganyi
Hakupasha misuli. Asubuhi, baridi, hatua 6 za nguvu. Hata mzima angekata.

#38 Mtoto wa Gerezani
Kwa hiyo nipashe misuli kituoni, niruke pale, konda aniangalie?

#39 Nesi wa Zamu
Hajajibu swali langu. Diklofenaki uliacha lini?

#40 Mzee wa Kona
Siku ya 14... nilimeza moja na jana usiku, mgongo ulikuwa unauma.

#41 Mbio za Asubuhi
Ngoja, mgongo? Tangu lini? Huku kuna jamaa alitibiwa paja msimu mzima, kumbe neva inayotoka kiunoni ndiyo ilikuwa inavuta. Kaa kitini, inamisha kichwa na mgongo, nyoosha goti. Ukisikia paja linavuta, inua kichwa peke yake. Vuto likipungua kwa kuinua kichwa tu, basi msuli hauko peke yake kwenye hii kesi.

#42 Mkongwe wa Wodi
Kipimo kizuri, lakini mtu aliyesikia "tap" na kuwa na zambarau nyuma ya goti alichanika, tusimtafutie kesi mpya. Vyote viwili vinaweza kuwepo. Mwambie kijana wako akupime kiuno pia.

#43 Mwana wa Hurumzi
Nasisitiza kuumikwa.

#44 Mzee wa Kona
Nimefanya ya namba 41 hapa kwenye kochi. Nikiinua kichwa vuto linapungua kidogo. Au nadhani linapungua kwa sababu umeniambia litapungua. Mke wangu kasema kaa hivyohivyo usigeuke, anachota maji ya moto.

#45 Kiduku Mstaafu
Na mama mkwe yuko wapi?

#46 Mzee wa Kona
Ndiye anayeyachemsha.